Baraza la Jioni: Haji kafungwa hamna

SALMA: Tunarikodi? Haya. Kabla ya salamu, Haji, hebu waambie wasikilizaji umefungwa na nani wiki hii.

HAJI: Da Salma, tulikubaliana tuanze na mada.

SALMA: Hiyo ndiyo mada.

HAJI: Assalam alaykum wasikilizaji. Jumanne nilimpeleka ami yangu kwenye nyumba ya wazee, siitaji ipi. Ami mnamjua, yule asiyeamini simu. Alikuwa na polo la mchele, mie dereva tu. Akaingia ofisini kusaini, mie nikabaki kivulini. Kuna mzee kakaa peke yake na bao mbele yake, ananitazama. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Akaniuliza: "Wewe wa Ramadhani au wa Oktoba?"

SALMA: Ndiyo misimu ya wageni wao. Ramadhani futari na sadaka, Oktoba mosi Siku ya Wazee Duniani na fulana zake.

HAJI: Nikamwambia, mie wa mchele. Akasema, "Basi kaa."

SALMA: Ukakaa. Na bao hulijui.

HAJI: Nalijua! Mashimo 32, komwe za kuchezea 64...

SALMA: Hiyo ni hesabu, Haji. Na komwe ngapi unaanza nazo mkononi?

HAJI: ...Ishirini?

SALMA: 22, yakhe! Kumi zinakaa kwenye bao, sita kati ya hizo ndani ya lile shimo linaloitwa nyumba.

HAJI: Basi hiyo nyumba yangu ililiwa kabla sijajua kuwa ni nyumba. Tulikuwa bado tunanamua, yaani tunatia komwe za mkononi moja moja, na mie ninazo tele, natazama safu yangu ya mbele: peupe. Mzee kajifuta mikono, kasema neno moja tu.

SALMA: Hamna!

HAJI: Hamna.

SALMA: Kufungwa hamna, safu ya mbele tupu, na bado unanamua! Wasikilizaji, mie nimefundishwa bao na babu yangu Makunduchi, nikiwa mdogo sijaruhusiwa hata kushika kiberiti, na sijawahi kufungwa hivyo.

HAJI: Umeshasema kipindi kilichopita, na kile cha kabla yake. Skiza sasa. Mzee ana mwenzake wa kucheza naye, miaka na miaka, ila kalazwa hospitali. Akaniambia: "Ukipita huko, mwambie nimepata mtu."

SALMA: Ukaenda?

HAJI: Siku ya pili, wakati wa kutazama wagonjwa jioni. Wodi imejaa, kila kitanda watu watano, mabakuli ya uji, machungwa. Yeye kalala peke yake, hakuna aliyekuja kumtazama. Nikamsalimia, nikatoa ujumbe. Hakuuliza hali ya mwenzake, hakuuliza mie nani. Kauliza: "Kamfunga nani? Kwa njia gani?" Nikamsimulia. Akataka shimo kwa shimo! Alianza wapi, aliingilia kichwa cha kulia au cha kushoto, yaani shimo la mwisho la upande upi. Sikumbuki. Akakasirika, akasema, "Hata kufungwa hujui!"

SALMA: (anacheka) Namtaka mzee huyo.

HAJI: Jamaa wa kitanda cha pili akaingilia, kwamba mie sikupaswa kuiachia nyumba mapema vile. Akaja wa tatu. Muuguzi akatutuliza.

SALMA: Bao halina mdogo. Mzee Karume mwenyewe mauti yalimkuta kwenye bao, Kisiwandui, 7 Aprili 1972.

HAJI: Hilo nimeshahadithiwa barazani pale. Na kwamba ni serikali yake iliyowaweka wazee kwenye nyumba za Sebleni baada ya Mapinduzi. Vyote mzee kavisema kwa pumzi moja, huku ananila komwe.

SALMA: Sasa niseme langu. Unaona polo la ami? Lile halikuwa na kazi. Kazi kaifanya bao.

HAJI: Wee! Bila polo ningefikaje?

SALMA: Nazungumzia hawa wanaokwenda na sabuni, sukari, na mpiga picha. Dakika ishirini, wazee wamepangwa mstari kama timu ya mpira, kwaheri mpaka mwakani. Bora wasiende.

HAJI: Hapo sikubali. Sabuni inaogewa, picha ipigwe isipigwe.

SALMA: Pensheni Jamii ya serikali ya Zanzibar ipo tangu Aprili 2016, kwa kila aliyefika miaka 70. Sabuni si kitu wanachokikosa kuliko vyote.

HAJI: Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, Salma! Hata ilipopandishwa, nenda nayo sokoni Darajani uone unarudi na nini. Wewe unataka kila mtu awe mjukuu. Watu wana kazi.

SALMA: Nataka asiyerudi asiseme "tutarudi, inshallah." Yule mzee anawajua watu kwa miezi, hajui jina la hata mmoja. Hilo halikukuuma?

HAJI: Liliniuma. Na wali walikula usiku ule. Yote mawili kweli.

SALMA: Kwangu si sawasawa.

HAJI: Kwangu mwenye njaa hamuulizi mleta mchele atarudi lini.

SALMA: Hawana njaa, Haji, wana upweke!

HAJI: Umewauliza?

SALMA: Wewe umewauliza?

HAJI: Nilikuwa nafungwa, ningeuliza saa ngapi?

SALMA: (kimya kidogo) Haya, tuyaache hapa, maana hapa hatutoki leo. Lakini sijakubali.

HAJI: Wala mie. Fundi ananionesha vidole. Dakika mbili.

SALMA: Na yale mambo matano ya mtu anayekwenda kutembelea wazee? Nimeyaandika usiku kucha!

HAJI: Soma mbio.

SALMA: La kwanza: muulize muuguzi kabla hujapeleka chakula. Watu wanabeba halua, mzee ana kisukari, anaona haya kukataa mbele ya mgeni, anakula. Shangazi yangu...

HAJI: Shangazi hapana, dakika moja.

SALMA: La pili, kaa chini. Usimsimamie mtu kitandani kama unamdai. La tatu...

HAJI: La tatu, nifundishe kunamua kabla ya Jumanne. Nimeambiwa nirudi, na wa hospitali anataka ripoti kamili.

SALMA: Sikufundishi. Nakwenda mwenyewe.

HAJI: Utabeba nini?

SALMA: ...Sukari kidogo.

HAJI: Ahaa!

SALMA: Kata, kata, fundi kata! Wiki ijayo bei ya pweza.