Filta haikai peke yake: twita, udi na mvumo wa hezi 50

ZUHURA: Assalamu alaikum, msikilizaji wetu wa Unguja, wa Pemba na wa ng'ambo. Leo ni filta za umeme, saketi zinazopitisha masafa fulani na kupunguza mengine, na tunaingia kwa swali la msikilizaji wa Wete anayekodisha spika za harusi. Twita yake, ile spika ndogo ya sauti za juu, ya omu 8, iliungua, dukani akapata ya omu 4, akaifunga na kapasita ileile ya zamani, mikrofaradi 6.8, kile kifaa kinachopitisha masafa ya juu kwa urahisi kuliko ya chini. Twita inalia, lakini anasema maneno ya muimbaji hayatoki sawasawa.

MAALIM KHAMIS: Wa alaykumu salaam. Huyu bwana hakubadilisha twita tu, amebadilisha filta. Kapasita peke yake si filta. Filta ni kapasita pamoja na ukinzani ulio mbele yake, na hapo ukinzani ndiyo twita yenyewe. Chukua moja, gawanya kwa mbili mara pai mara ukinzani mara kapasita, unapata masafa ya kona, yaani pale filta inapoanza kupunguza waziwazi. Kwa omu 8 na mikrofaradi 6.8 kona inakaa hezi 2,900 na kitu. Kwa omu 4 na kapasita ileile, inapanda hadi 5,850.

ZUHURA: Na wufa yake, spika ya sauti nene, imeshaachia kwenye 3,000.

MAALIM KHAMIS: Hasa. Pale kati pamebaki pengo, na katika pengo lile mna sehemu kubwa ya sauti za s, t, k na sh, zile zinazomfanya mtu alitambue neno. Afunge kapasita mbili za 6.8 sambamba apate 13.6, kona irudi mahala pake. Ziwe za aina isiyo na chanya na hasi. Halafu aulize kama amplifaya yake inakubali mzigo wa omu 4, maana mzigo ukipungua omu, umeme unaochotwa unaongezeka. Tena omu 4 ni jina tu la kibiashara. Twita halisi ukinzani wake hupanda na kushuka kwa kufuata masafa, kwa hiyo hesabu itamfikisha karibu, na kipimo kitamalizia.

ZUHURA: Maalim, wengi tulifundishwa kwamba filta ni kama chujio la chai. Majani yanabaki, chai inapita.

MAALIM KHAMIS: Mfano huo siupendi, na sababu ni hiyo twita iliyoungua. Mbele ya chujio, jani ama linapita ama halipiti. Filta haina ukomo wa namna hiyo, inapunguza kidogo kidogo. Hapo kwenye kona yenyewe, volti zinazotoka bado ni 0.707 ya zilizoingia, yaani nusu ya nguvu inapita. Shuka oktava nzima, yaani nusu ya masafa, mpaka hezi 1,450, bado inapita kama asilimia 45 ya volti, ambayo ni asilimia 20 ya nguvu. Mtu akidhani pale kwenye kona kuna ukuta, ataongeza sauti harusini huku twita inapokea moto usiokuwa wake. Filta ya kapasita moja hushuka desibeli 6 kwa kila oktava, na hiyo ndiyo kasi yake yote.

ZUHURA: Basi mtu atasema: nafunga mbili mfululizo, nipate 12.

MAALIM KHAMIS: Huko mbali utazipata hizo 12. Tatizo liko kwenye kona. Chukua filta ya kupitisha masafa ya chini, rezista ya kiloomu 1.6 na kapasita ya nanofaradi 100. Kona yake ni karibu hezi 1,000. Funga ya pili pacha wake nyuma yake. Ungetegemea nini?

ZUHURA: Ningesema kona itashuka kidogo, kwa sababu pale kwenye 1,000 ya kwanza imeshapunguza na ya pili inapunguza tena.

MAALIM KHAMIS: Na ungekuwa sahihi kama hatua hizo mbili zingekuwa hazijuani. Ukiweka bafa katikati, yaani saketi inayozitenganisha ili moja isiilemee nyingine, kona inashuka hadi karibu hezi 640. Lakini ukiziunganisha moja kwa moja inaporomoka hadi karibu 370. Hatua ya pili inakula umeme wa hatua ya kwanza. Ni jambo lilelile la twita: kilicho mbele ya filta ni sehemu ya filta.

ZUHURA: Na fundi asiye na bafa?

MAALIM KHAMIS: Aifanye hatua ya pili iwe nyepesi. Rezista mara kumi zaidi, kapasita mara kumi ndogo: kiloomu 16 na nanofaradi 10. Kona ileile ya hesabu, lakini haiilemei ya kwanza. Inasaidia sana. Ila hata hapo kona itakuwa imelegea, kwa sababu rezista na kapasita peke yake haziwezi kuvuka Q ya 0.5.

ZUHURA: Ieleze Q kwa mtu wa spika.

MAALIM KHAMIS: Q inakwambia filta imesimama vipi pale inapoanza kushuka. Q ndogo, inaanza kulegea mapema na kula sauti uliyotaka kuibakisha. Q kubwa, inanyanyua masafa ya jirani na kona, besi inaguruma kwa noti moja. Stephen Butterworth, Muingereza, aliandika mwaka 1930 juu ya filta inayobaki tambarare kadiri iwezekanavyo kabla ya kushuka. Kwa filta ya daraja la pili, yaani ile inayoshuka desibeli 12 kwa oktava, hiyo ni Q ya 0.707. Iko pia ya Chebyshev, inayoshuka kwa ukali zaidi lakini inaacha mawimbi katika sehemu unayoipitisha, na ya Bessel, inayotunza umbo la mpigo. Kwa muziki anza na Butterworth, mpaka upate sababu ya kuiacha.

ZUHURA: Na kufika 0.707 kunataka koili, au opampu, kile kikuza umeme kidogo cha chipu.

MAALIM KHAMIS: Koili kwa wufa ya omu 8 yenye kona ya hezi 100 ni karibu milihenri 18. Hilo ni bonge la shaba, na bei ya shaba unaijua. Mwaka 1955, Sallen na Key, waliokuwa katika Maabara ya Lincoln ya MIT kule Marekani, walitoa saketi inayofanya kazi ya koili bila koili: rezista mbili, kapasita mbili, na kikuza sauti kimoja. Wakati huo ilikuwa ni valvu, leo ni opampu ndogo iliyojaa kwenye bodi chakavu huko Darajani. Mimi saketi hii naipenda mno, kwa sababu kijana anaweza kuisanifu kwa kalamu.

ZUHURA: Tuifanye basi, kwa wufa.

MAALIM KHAMIS: Rezista mbili ziwe sawa. Kapasita inayokwenda ardhini iwe nanofaradi 100. Ile inayorudi kutoka mlango wa kutokea wa opampu iwe maradufu, 200, yaani za 100 mbili sambamba. Uwiano huo wa mbili kwa moja ndio unaokupa Butterworth, usiuchezee. Sasa tafuta rezista kwa kona ya hezi 100: hesabu inatoa kiloomu 11.25. Dukani hakuna 11.25. Kuna 10 na 12. Ukitumia 12, kona ni karibu hezi 94.

ZUHURA: Inafaa. Sasa naja kwenye jambo langu, udi. Vikundi vya taarab siku hizi vinabandika pikapu ya piezo, kidude kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, chini ya daraja la udi. Unachomeka kwenye miksa, sauti inatoka nyembamba kama waya, nyuzi nene hazipo kabisa. Wanaojua kidogo wanapandisha besi kwenye miksa, na matokeo yake ni mvumo tu.

MAALIM KHAMIS: Piezo, kiumeme, ni kapasita. Zinatofautiana, tuchukue nanofaradi 1. Mlango wa laini wa miksa una ukinzani kama wa kiloomu 10. Umeshajenga filta ya kupitisha masafa ya juu bila kununua kitu. Piga hesabu.

ZUHURA: Moja kwa mbili pai... hezi 15,900!

MAALIM KHAMIS: Karibu udi mzima uko chini ya kona. Unachokisikia ni mabaki, na kupandisha besi hakurudishi kilichokwishazama kwenye kelele. Megaomu 1 inashusha kona hadi hezi 159, na nyuzi nene za udi zinakwenda chini ya 100. Mpe megaomu 10, kona inafika 16, udi wote unapita. Kinachotakiwa ni bafa ya opampu ambayo mlango wake wa kuingilia una ukinzani mkubwa, TL072 inatosha, betri ya volti 9, na rezista ya megaomu 10 kwenda nusu ya volti hizo.

ZUHURA: Na ikae karibu na udi, si karibu na miksa.

MAALIM KHAMIS: Karibu kabisa. Waya wa mita tano wenyewe unaweza kuwa na nanofaradi nusu. Hauharibu rangi ya sauti, lakini unakunyang'anya theluthi moja ya volti kabla hujaanza.

ZUHURA: Nina tahadhari ya kwetu hapa. Bafa hizi zinakwenda vizuri miezi ya mwanzo, halafu masika yakija udi unarudi kuwa mwembamba. Ukifungua kiboksi unakuta bodi imefanya weupe.

MAALIM KHAMIS: Chumvi na unyevu. Uchafu ule unapitisha umeme, kwa hiyo ni rezista iliyojifunga yenyewe sambamba na yako. Ukifika megaomu 1, ukinzani wote unakuwa kama 0.9, na kona inapanda hadi hezi 175. Safisha kwa spiriti ya isopropili, acha bodi ikauke vizuri, kisha ipake vanishi ya bodi. Kwetu sisi wa pwani, vanishi ni sehemu ya usanifu wa filta.

ZUHURA: Na mvumo wa umeme? Usiku wa onyesho Ngome Kongwe, upepo wa maikrofoni unautibu kwa kitufe cha kukata chini ya hezi 80 au 100 kilichopo kwenye miksa. Lakini ule mvumo wa hezi 50 mtu anataka filta ya kuutoboa peke yake.

MAALIM KHAMIS: Saketi ipo, inaitwa T pacha. Kiloomu 68 na nanofaradi 47 inakaa karibu hezi 49.8. Vijana wanaifunga wakidhani inatoboa tundu la sindano. Ikiwa haina opampu ya kuibana, inapunguza nusu ya nguvu au zaidi kuanzia hezi 12 hadi 211. Umeutoa mvumo pamoja na dumbak, besi na nyuzi nene za udi.

ZUHURA: Na mara nyingi mvumo wenyewe una 100, na 150 juu yake.

MAALIM KHAMIS: Naam. Hiyo 100 hutoka kwenye saketi ya kugeuza umeme, kapasita yake kubwa ikichoka. Ukisikia 50, tafuta kwanza ardhi mbili zinazogombana na waya wa sauti uliolala juu ya waya wa umeme. Filta ije mwisho.

ZUHURA: Kijana aliyefunga ile ya wufa, hezi 94, hana oskiloskopu. Atapima vipi?

MAALIM KHAMIS: Simu yenye programu ya kutoa toni na mita ya kawaida. Mita za bei nafuu hupoteza usahihi masafa yakipanda, lakini kwa hezi mia na kurudi chini zinatosha. Toa toni ya hezi 30, andika volti zinazotoka kwenye filta. Panda polepole, hakikisha zinazoingia hazibadiliki, mpaka usomaji ufike 0.7 ya ule wa mwanzo. Hapo ndipo kona ilipo. Ikiwa 88 au 100 badala ya 94, ni kapasita kutolingana na maandishi yake, na kwa wufa hilo halina madhara. Tumia za filamu, si zile za seramiki za bei rahisi ambazo thamani yake hubadilika kwa joto na kwa volti.

ZUHURA: Na akikuta 40?

MAALIM KHAMIS: Basi asiguse rezista. Achomoe kinachofuata na apime tena, kisha aweke bafa kabla ya filta apime mara ya tatu. Kile kitakachoihamisha kona ndicho kilichokuwa kimesahaulika kwenye hesabu.