Rangi ni ya wawili, mabaka ya jani ni ya mama

Mbukwenyi, ndugu zangu. Leo nina ua moja tu, Mirabilis jalapa, lile linalofunguka jua likipoa na kusinyaa asubuhi. Lina kiazi ardhini, ndiyo maana kiangazi chetu halikiogopi.

Mtu anachanganya jekundu na jeupe, anapata miche yenye maua ya rangi ya waridi tu, anaing'oa. Kosa. Kati ya jeni (chembe za urithi) za rangi hizo mbili hakuna inayoimeza mwenzake, kwa hiyo kizazi cha kwanza chote hutoka waridi, na wekundu na weupe bado vimo ndani. Acha waridi hilo lijichavushe, upande mbegu zake. Kwa kila miche minne, kwa wastani mmoja utatoa maua mekundu, miwili ya waridi, mmoja meupe. Nimesema wastani! Ukipanda minne tu, meupe unaweza usiyaone kabisa. Panda 11, na uwezekano wa kuyapata unapita asilimia 95. Ukitaka sifa mbili, kila moja ikitokea kwa mche mmoja kati ya minne na kurithiwa kivyake, zikutane kwenye mche mmoja, kwa uwezekano huohuo panda 47. Hapo ndoo za maji zitahesabika.

Hesabu hii inataka wazazi safi. Funika kwanza maua ya kila mzazi yajichavushe. Watoto wakitoka rangi mchanganyiko, huyo mzazi alikuwa chotara tangu awali.

Sasa mkono. Mnamo saa nane mchana chagua chipukizi la ua lililovimba, litakalofunguka leo. Lipasue ubavuni kwa pini, ng'oa stameni zote, vile vijiti vyenye chavua, kwa kawaida tano, kwa kibanio. Ukibakiza moja umeharibu kazi: ua likijifunga, stameni hujikunja pamoja na stigma, ile ncha inayopokea chavua, na kuipaka chavua ya ua hilohilo. Funika kwa mfuko wa karatasi. Wa nailoni kwa joto la hapa utalipika ua. Jioni paka chavua ya baba kwenye stigma, funika tena hadi asubuhi kwa sababu ya nondo, wadudu wa usiku wanaobeba chavua, funga uzi wa alama. Ua moja hutoa mbegu moja. Ingoje iwe nyeusi kama pilipili manga, na uwaweke watoto mbali nayo, ina sumu.

Majani ya mabaka yana sheria nyingine. Mwaka 1909 Carl Correns, Mjerumani, alionyesha kwamba mabaka hayo hufuata mama peke yake, maana kloroplasti za mche, yaani vifuko vidogo vya rangi ya kijani, hutoka kwenye yai, si kwenye chavua. Ua la tawi la kijani hutoa miche ya kijani, baba awe yeyote. Ua la tawi jeupe hutoa miche myeupe, nayo hufa mapema kwa kukosa klorofili, ile rangi ya kijani ya kujitengenezea chakula, usilaumu maji. La tawi la mabaka hutoa aina zote tatu.

Kwa hiyo kwenye kibao andika mama kwanza, kisha baba, na tawi lilikotoka ua. Tumia penseli, wino hupaushwa na jua.