Ali wawili, Khalifa wawili: masultani wa Unguja

Assalaam aleikum. Walimu wangu, wanafunzi na wageni wetu, ahsanteni kwa kunialika.

Leo nina masultani wanne na majina mawili. Kwenye insha nakuta Sultan Khalifa anawakodisha Wajerumani pwani, kisha aya inayofuata anatawala karibu nusu karne. Hapo marehemu mmoja katwishwa mzigo wa mwenzake! Ukiona jina la sultani, uliza kwanza: bin nani?

Aliyekodisha ni Khalifa bin Said. Alishika kiti Machi 1888 baada ya kufa nduguye, Barghash, na Aprili akatia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani usimamizi wa mwambao, toka mto Umba hadi Ruvuma, pamoja na ushuru wa forodha. Tumtendee haki: mazungumzo aliyakuta, yalianza enzi za Barghash. Lakini saini ni yake. Agosti kampuni ilipokwenda kushika madaraka, watu wa Pangani wakakataa, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita mpaka Wajerumani walipomnyonga Desemba 1889. Khalifa naye akafa Februari 1890, hata miaka miwili hajatimiza.

Akafuata ndugu mwingine, Ali bin Said. Mwaka huohuo wa 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Waingereza, Agosti Ali akapiga marufuku biashara ya watumwa, na ule mwambao uliokodishwa ukauzwa kabisa kwa Ujerumani kwa mark milioni 4. Kwa hiyo pwani ilikodishwa na Khalifa, ikauzwa chini ya Ali. Tafadhali msiwachanganye, maana mwenye kukodisha bado anajihesabu kuwa mwenye mali. Ali akafariki Machi 1893.

Ali wa pili ni Ali bin Hamud, na Ali wa kwanza alikuwa ndugu wa babu yake. Huyu alisomeshwa Harrow, Uingereza. Mwaka 1902 alirithi kiti akiwa bado kijana mdogo, basi hadi 1905 madaraka yakashikwa na Mwingereza, Rogers. Wakusanyaji wa stempu wanamjua sana: stempu za Unguja zilianza 1895, Ali wa kwanza keshakufa, kwa hiyo ukiona uso wa Sultan Ali kwenye stempu ni huyu bin Hamud. Mwaka 1911 akajiuzulu akiwa Ulaya, na 1918 akafia Paris.

Kiti kikaenda kwa shemeji yake, Khalifa bin Harub, mzaliwa wa Muscat. Babu yake, Thuwaini, alikuwa ndugu wa yule Khalifa wa mkataba. Alitawala toka Desemba 1911 hadi alipofariki Oktoba 1960, akavipita vita vikuu viwili vya dunia. Kwa wazee wa Unguja, ukitamka "Sultan Khalifa" bila kuongeza kitu, wanamkusudia yeye. Nadhani insha zetu zinakosea hapo: jina limezoeleka kwa wa pili, tukio ni la wa kwanza.

Kuna na Hamad bin Thuwaini, aliyekufa Agosti 1896, na Hamud bin Mohammed, aliyekalishwa kitini siku mbili baadaye, Waingereza walipokwisha kuipiga mizinga kasri aliyojifungia Khalid bin Barghash. Hao wanatofautiana kwa herufi moja tu. Nimeona mikono imeanza kunyooshwa. Haya, karibuni na maswali.