Dini ya kale ya Wagermani: nani alituhifadhia, na nani anaifufua leo

Asanteni kwa kuja. Mada ni ndefu kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nikisema Wagermani simaanishi Wajerumani wa leo peke yao, nazungumzia makabila mengi yaliyokuwa yanaishi kuanzia mto Rhine mpaka juu Norwei na Uswidi, humo humo wamo mababu wa Waingereza na Waholanzi, na baadaye wale waliovuka bahari wakaenda kukaa Iceland. Walikuwa na miungu mingi, Odin ambaye kusini walimwita Wodan, Thor wa radi ambaye kusini ni Donar, Balder, Freyja na wengine. Lakini hawakuacha msahafu, hawakuwa na nabii. Karibu yote tunayoyajua kuhusu imani yao yameandikwa na watu wengine, majirani, wageni, au maadui kabisa. Naomba mlishike hilo, maana ugomvi wote wa sasa kuhusu nani mwenye haki na dini hii unaanzia hapo.

Mwaka 98 Mroma mmoja, Tacitus, anaandika habari za mungu wa kike anaitwa Nerthus, gari lake linakokotwa na ng'ombe kupita kwenye vijiji, na kote linakopita vita vinasimama, silaha zinafungiwa ndani, watu wanasherehekea, halafu mwisho gari linaoshwa ziwani na watumwa walioliosha wanazamishwa hapo hapo. Amani na kifo kwenye ibada moja. Miaka zaidi ya 800 baadaye, mwaka 922, anakuja shahidi mwingine ambaye mimi namthamini sana, Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa kutoka Baghdad, yuko kwenye mto Volga na anakutana na Warus, wafanyabiashara wenye asili ya Skandinavia. Chifu wao amekufa. Wanamlaza ndani ya jahazi pamoja na mali zake, wanamuua kijakazi ili amfuate, wanachoma vyote. Ibn Fadlan anashangaa, anachukizwa, ila anaandika alichokiona kwa macho yake, na hilo ni jambo kubwa, maana wengi walioandika kuhusu watu hawa walikuwa wanasimulia ya kuambiwa.

Kutoka kwa wenyewe tuna vipande tu. Mwaka 2020 huko Vindelev, Denmark, ilifukuliwa hazina ya dhahabu, na kwenye kipande kimoja cha mwanzoni mwa karne ya 5 wataalamu wakasoma maandishi ya runi, yaani herufi za kale za Wagermani, yanayomtaja mtu kuwa ni mtu wa Odin. Ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote yanayojulikana yenye jina la Odin.

Sasa dini ilizimwaje? Kusini ilikuwa kwa shoka na upanga. Miaka ya 720 mmisionari Bonifasi alikata mwaloni wa Donar, mti wao mtakatifu, pale Geismar huko Ujerumani, na mbao zake akajengea kanisa. Mwaka 772 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, akabomoa Irminsul, nguzo takatifu ya Wasaksoni, mojawapo ya makabila ya Wagermani, na mwaka 782 pale Verden, kumbukumbu za upande wake mwenyewe zinasema waliuawa Wasaksoni 4,500 kwa siku moja. Baadaye ikatoka sheria, anayekataa kubatizwa afe, anayechoma maiti kwa desturi ya wazee afe. Na kwenye kiapo cha ubatizo waliambiwa wamkane Thunaer, wamkane Woden, wamkane Saxnote, kila mmoja kwa jina lake, na kwa sababu hiyo majina yale tunayo mpaka leo. Aliyekuwa anayafuta ndiye aliyeyaandika.

Hapa nataka nikae kidogo. Mwaka 1841 kwenye maktaba ya kanisa kuu la Merseburg, Ujerumani, mwanahistoria Georg Waitz anafungua kitabu cha kidini cha zamani na kwenye ukurasa uliokuwa umeachwa mtupu anakuta matamko mawili ya uganga, yameandikwa karne ya 10 kwa Kijerumani cha kale. La kwanza ni la kufungua vifungo vya mateka. La pili linasema miungu walikuwa wamepanda farasi kwenda msituni, farasi wa Balder akateguka mguu, wakajaribu wengine kumtibu, kisha Wodan akasema maneno, mfupa kwa mfupa, damu kwa damu, kiungo kwa kiungo, vishikamane kama vimegundishwa. Basi, ni mistari michache tu. Lakini fikirieni, kabla ya hapo kwa Kijerumani cha kale hapakuwa na uganga mwingine uliojulikana unaotaja miungu hiyo ikifanya kazi yake, na haukutunzwa na mpagani, ulitunzwa na mtu wa kanisa. Kwa nini aliandika? Hakueleza. Mimi naamini aliona una faida, mnyama akiumia mwenye mnyama anatafuta dawa inayoponya, haulizi kwanza imetoka wapi.

Iceland mambo yalikwenda tofauti. Karibu mwaka 1000 nchi ilikuwa inakaribia kupigana yenyewe kwa yenyewe kwa sababu ya dini, wakamwachia uamuzi Thorgeir, msema-sheria wa bunge lao, ambaye mwenyewe alikuwa bado mpagani. Akajilaza amejifunika mchana na usiku, halafu akatoka akasema tuwe na sheria moja, wote tubatizwe, ila mwanzoni anayetaka kutambika kwa siri asisumbuliwe. Nadhani ndiyo sababu kumbukumbu ilibaki kule. Karibu mwaka 1220 Snorri Sturluson, Mkristo, anaandika hadithi za miungu ile ili washairi wasizisahau, na mashairi yenyewe yakakusanywa kwenye kitabu cha ngozi cha karne hiyo hiyo ya 13, ambacho kilikaa Denmark muda mrefu mpaka kikarudishwa Iceland mwaka 1971.

Mwaka uliofuata, 1972, mkulima na mshairi Sveinbjörn Beinteinsson na wenzake wanaanzisha chama cha dini ya kale, Ásatrúarfélagið, na 1973 serikali inakitambua. Wanafungisha ndoa, wanazika, wanasoma mashairi, wanakunywa pamoja kwa heshima ya miungu, hawachinji kafara. Kiongozi wao wa sasa, Hilmar Örn Hilmarsson, amesema wazi kwamba hadithi zile anazichukua kama mafumbo ya nguvu za asili. Mimi naona huo ni ukweli safi, wanajua wanajenga upya na hawajidai kwamba mnyororo haukukatika.

Tatizo ni wale wanaosema dini hii ni ya damu, ni ya watu weupe tu. Hilo halikutoka kwa wazee, limetoka kwa waandishi wa karne ya 19 na mwanzo wa 20 kina Guido von List, aliyetunga mfumo wake wa runi akaupa sura ya siri ya kale, na Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi wa Hitler, akalibeba akaliweka ndani ya kikosi chake. Mwaka 1935 pale Verden Wanazi wakasimamisha mawe 4,500 kwa ajili ya wale Wasaksoni, yaani hata maiti wakawatumia. Marekani mpaka leo kuna makundi yanayoendeleza hayo, na kuna wanaoyapinga kwa nguvu, kwa mfano chama cha The Troth, kilichoanzishwa 1987 na kinachopokea watu wa asili yoyote. Mwaka 2016 vikundi vingi vya nchi mbalimbali vilitia saini tamko la kujitenga na wabaguzi, wakaliita Tamko 127 kutokana na ubeti wa 127 wa Hávamál, shairi la kale la mawaidha ya Odin, unaosema ukiona uovu utaje, na adui usimpe amani.

Na hata wale wa Iceland, walipoanza ujenzi wa hekalu lao Reykjavik mwaka 2015, waliandikiwa barua za chuki kutoka nje na watu wanaojiita ndugu wa dini moja, wamekasirika kwamba chama kinafungisha ndoa za watu wa jinsia moja. Chama hakikubadilisha msimamo wake. Nimemaliza, karibuni maswali, na ningependa tuanze na mwenye swali la uganga wa Merseburg kama yupo.