Seli ya Saratani ya Figo Inavyokwepa Kufa

Asalaam alaykum wazee wangu, walimu, na vijana wa skuli mliojaa huko nyuma.

Sote Pemba tunaujua mkungu. Majani hugeuka mekundu, kisha hupukutika hata siku isiyo na upepo, kwa kuwa mti wenyewe hukata pale kikonyo kiliposhika tawi. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie walipotafuta jina la kifo ambacho seli hujipangia yenyewe, waliazima neno la Kigiriki, apoptosis, linalosema jambo hilohilo: kupukutika kwa majani. Kwa hiyo leo nitasema mpukutiko, na sioni haja ya neno jengine.

Seli inayopukutika hunywea, DNA yake hukatwakatwa vipande vya jozi za besi kama 180 hivi au mafungu yake, mwili wake hugawika vifurushi, na seli jirani huvimeza. Wanaoendesha ukataji huo ni vimeng'enya viitwavyo kaspesi. Amri huwafikia kwa milango miwili. Wa nje ni vipokezi vilivyo juu ya seli, ambavyo huamsha kaspesi 8. Wa ndani ni mitokondria, vinu vya nishati vya seli: protini BAX na BAK huitoboa, protini iitwayo saitokromu-C huvuja, hushikana na nyengine iitwayo APAF-1, kaspesi 9 huamka, nayo huziamsha kaspesi 3 na 7. Hizo mbili ndizo zenye kisu.

Sasa, wengi hudhani kwamba saratani imekivunja kisu hicho. Katika saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi, ile ya seli angavu, ambayo ni kama robo tatu ya zote, kisu kipo. Kaspesi zipo. Hata p53, mlinzi ambaye saratani nyingi humuua mapema, hapa jeni yake mara nyingi ni nzima. Kilichoharibika ni amri, na imezuiliwa mahali pengi kwa wakati mmoja.

Tuanze na kromosomu ya 3. Mkono wake mfupi umebeba jeni iitwayo VHL, na jirani zake PBRM1, BAP1 na SETD2. Mkono huo ukipotea, nakala moja ya zote nne huondoka kwa mkupuo. Nakala ya pili ya VHL ikiharibika nayo, seli hubaki bila protini ya VHL.

Kazi ya protini hiyo ni kama ya mchukuzi wa taka. Oksijeni ikiwapo, vimeng'enya maalumu huweka alama kwenye HIF, protini inayoiamrisha seli ijihami oksijeni ikipungua. VHL huitambua alama, huibandika ubikuitini, yaani lebo ya kutupwa, na HIF husagwa katika dakika chache. Kugundua jinsi seli inavyoipima oksijeni kuliwapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. VHL ikikosekana, HIF hurundikana ilhali oksijeni ni tele. Seli huishi kama mzamiaji aliyeishiwa pumzi: huita mishipa mipya ya damu kwa protini VEGF, hufungua milango ya sukari, hujaza mafuta na glaikojeni. (Wino wa maabara ukipita, mafuta yale yameshayeyushwa na alkoholi, ndiyo maana seli huonekana angavu.)

Lakini VHL ina kazi nyengine zisizotajwa sana. Huisaidia p53 isiharibiwe na MDM2. Ikiondoka, mlinzi mzima hukaa kimya. Huizuia pia NF-kB, protini inayowasha jeni. Ikiondoka, NF-kB huamka na kuongeza protini za kuokoa seli, hivyo hata amri ya mlango wa nje, kama ile ya TNF, mjumbe wa seli za kinga, hupotea njiani. Protini BIM, inayosukuma BAX na BAK zitoboe mitokondria, hupungua. Kwa upande wa pili BCL-2, BCL-XL na MCL-1 huweza kuwa nyingi na kuishikilia mitokondria isitobolewe. Na ikitobolewa licha ya hayo, XIAP huzishika kaspesi 9, 3 na 7 zisikate.

Ongezeni asili ya seli yenyewe. Imetoka kwenye mrija wa karibu wa figo, ambao kazi yake ya kuzaliwa ni kutoa sumu nje, na pampu yake ya P-glaikoprotini huitapika dawa nyingi za kemikali kabla hazijaleta amri yoyote. Ndiyo maana kimoterapia ya kawaida haisaidii sana hapa.

Dawa za sasa basi huzunguka. Sunitinibi huutia uvimbe njaa kwa kuizuia mishipa yake ya damu, lakini kwa wengi uvimbe hurudi, na kufuli za ndani hazijaguswa. Belzutifani huikamata HIF yenyewe, ile aina iitwayo HIF-2. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa VHL, na mwaka 2023 kwa saratani iliyokwisha enea. Hutolewa miligramu 120 kwa siku, na upungufu wa damu hutarajiwa, kwani HIF-2 ndiyo huagiza homoni ya kutengeneza chembe nyekundu. Nivolumabi huziachia seli za kinga, ambazo huingiza kimeng'enya kinachoiamsha kaspesi 3 moja kwa moja, bila kubisha hodi mlangoni. Hata hapo XIAP inaweza kuingilia kati.

Vijana wa maabara, angalizo: kipimo cha aneksini, protini inayoshika seli zinazokufa, peke yake kitakudanganyeni. Hushika pia seli zilizopasuka. Wekeni na rangi ya propidiamu, ambayo huingia kwenye seli iliyotoboka tu. Iliyoshika aneksini bila rangi ndiyo iliyoanza kupukutika.

Uvimbe ukiwa bado umo ndani ya figo, mpasuaji huutoa mzima, na ubishi wa kaspesi haumhusu. Tatizo letu ni kufika mapema. Mkojo wa damu hapa kwetu moja kwa moja huitwa kichocho, na mara nyingi ndivyo. Basi mgonjwa apimwe mkojo, apewe prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, apimwe tena baada ya wiki chache. Damu ikiwa bado ipo, au mgonjwa ni mtu mzima asiyeonekana na mayai ya kichocho tangu mwanzo, apigwe altrasaundi ya figo na kibofu. Asirudishiwe dawa ileile tena na tena.