Unakuja Uingereza? Usichague mwezi kwa kuangalia mvua

Habari zenu wadau, karibuni tena. Swali la leo mnaliuliza sana: "Nije Uingereza mwezi gani nisikutane na mvua?" Jibu fupi: mwezi huo haupo. Kisiwa hiki kiko ukingoni mwa Atlantiki, na mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa, ile inayoleta mawingu na mvua, inakitembelea mwaka mzima ikitokea magharibi. Asubuhi jua, saa saba mchana manyunyu, saa kumi jua tena. Na ajabu ni kwamba kwa mwaka London hupata milimita 600 hivi tu, wakati Dar es Salaam inapita 1,000. Yetu inamwagika masika ikaisha. Ya huku unapimiwa kijiko kijiko, Januari mpaka Desemba.

Kwa hiyo mvua iweke pembeni. Angalia mwanga, halafu kalenda.

Tuanze na mwanga, maana huu ndio unaowaumiza watu. Mwishoni mwa Juni, London jua linachomoza saa 10:43 alfajiri na kuzama saa 3:20 usiku. Mwishoni mwa Desemba linatoka saa 2 asubuhi, na kabla ya saa 10 alasiri limeshazama. Sasa piga hesabu: umelipa nauli yote hiyo, umeamka saa nne na uchovu wa ndege, umekunywa chai, umefika katikati ya mji saa sita. Umebakiwa na saa nne za kuona kitu. Ukienda Scotland, giza linawahi zaidi.

Waislamu, hili pia liwe kwenye hesabu zenu. Juni, kati ya Isha na Alfajiri hakuna muda wa kulala wa maana, na kila msikiti una ratiba yake, kwa hiyo chukua ya msikiti ulio karibu na unapofikia. Mwenye nia ya kufunga sunna, Desemba anafunga kwa muda wa saa 10 hivi. Juni zinapita 18. Jipime mwenyewe.

Kalenda sasa. Shule za England zinafungwa wiki ya tatu au ya nne ya Julai mpaka mwanzoni mwa Septemba. Nauli na hoteli zinapaa kipindi chote hicho. Scotland wanatangulia: mwishoni mwa Juni mpaka katikati ya Agosti. Na msidhani Julai ni baridi siku zote. Tarehe 19 Julai 2022, kule Coningsby, Lincolnshire, kipimo kilifika nyuzi 40.3. Nyumba za huku zimejengwa kutunza joto na nyingi hazina kiyoyozi, kwa hiyo hata mtu wa Tanga atahangaika usiku.

Krismasi? Mimi sikushauri, labda kama unakuja kukaa na ndugu tu. Tarehe 25 Desemba treni hazitembei, za chini ya ardhi za London nazo zimesimama, na maduka makubwa ya England yanafungwa kisheria. Ukitua siku hiyo na mwenyeji wako hana gari, jiandae kulipa teksi.

Chaguo langu ni wiki mbili za kwanza za Juni. Wiki ya mwisho ya Mei iruke, shule nyingi huwa na likizo fupi. Mchana wa Juni London unacheza kwenye nyuzi 20 au 21, usiku 11 hivi. Mtu wa Njombe hatashtuka, wa Dar atatafuta sweta. Kasoro ya Juni ni chavua ya nyasi: macho yanawasha, chafya haziishi, na unaweza kudhani ni mafua. Dawa za aleji zinauzwa famasi bila cheti cha daktari. Omba isiyoleta usingizi. Kama aleji inakusumbua tangu nyumbani, njoo Septemba. Chavua imeisha, watoto wamerudi shule, na mwanga bado ni saa 12 au 13.

Koti sasa. Mwavuli upepo unaupindua, usiutegemee. Tafuta koti jepesi lenye kofia, ndani yake sweta, ndani kabisa fulana, uwe unavua na kuvaa kadiri siku inavyobadilika. Unaponunua mtumba, Karume au Gikomba, ligeuze ndani uangalie mishono. Lisilopitisha maji kwelikweli lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono. Bila utepe, maji yanapenya kwenye matundu ya sindano, na mabega ndiyo yanaanza kulowa. Utepe ukiwa umeanza kubanduka, lirudishe, hata muuzaji akishusha bei. Na likishapatikana, lipande na wewe ndani ya ndege. Sanduku likichelewa, utatoka uwanjani na shati.

La mwisho, viza. Ombi la viza ya kutembelea huruhusiwi kulituma zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, na kwa kawaida majibu hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Wa kuja tarehe 5 Juni, mlango unafunguka tarehe 5 Machi. Ingia mwezi huohuo, na tiketi isiyorudishwa pesa usiilipie mpaka viza itoke.