Guam: Kisiwa Kilichopiga Kura Ibara kwa Ibara

NEEMA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Leo tunakwenda mbali kweli, Bahari ya Pasifiki, kisiwa cha Guam. Kaka Idrisa, mtu akikitafuta kwenye ramani aanzie wapi?

IDRISA: Aanzie Manila, Ufilipino. Kutoka hapo aende mashariki kama kilomita 2,500, atakiona. Kidogo sana, kilomita za mraba kama 540, yaani Unguja ni mara tatu yake. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 153,836. Wenyeji wanaitwa Wachamoru. Na zaidi ya robo ya ardhi yote iko mikononi mwa jeshi la Marekani.

NEEMA: Na watu wake ni raia wa Marekani, hilo tuliweke wazi mapema.

IDRISA: Raia kamili, wana pasipoti. Lakini rais wa Marekani akichaguliwa, wao hawamo. Wana mjumbe mmoja Washington, katika Baraza la Wawakilishi. Anahudhuria, anachangia, anaweza hata kupeleka mswada. Mswada ukifika kwenye kura ya mwisho ukumbini, yeye anakaa anatazama wenzake wanavyoamua.

NEEMA: Hilo ndilo lililonifanya niombe tukizungumzie kisiwa hiki. Maana ukisoma historia yake unakuta wananchi wanaopenda kura. Wana haki ya kukusanya sahihi na kupeleka pendekezo lao moja kwa moja kwa wapiga kura, iko kwenye sheria iliyounda serikali yao. Suala la kasino, kwa mfano, limepelekwa kwa wananchi mara kadhaa, na wananchi wamelikataa, pamoja na fedha zote zilizoahidiwa. Kwa hiyo ni watu wanaojua kuamua mambo yao. Ila jambo kubwa kuliko yote, la wao ni nani na wanatawaliwa na nani, kila wakiliamua halifiki popote.

IDRISA: Turudi nyuma kidogo, msikilizaji asipotee. Marekani ilikichukua kisiwa kutoka kwa Hispania mwaka 1898. Ikakikabidhi kwa jeshi la wanamaji. Hapakuwa na gavana wa kiraia, alikuwa ni ofisa wa jeshi anayetunga sheria na kuzitekeleza. Wajapani wakakiteka Desemba 1941, Wamarekani wakarudi Julai 1944, na wanamaji wakaendelea kutawala kama kawaida.

NEEMA: Mpaka 1949.

IDRISA: Machi 1949. Kulikuwa na baraza la wananchi, ila la kushauri zaidi kuliko kuamua. Wajumbe wakamwita mtu atoe ushahidi kuhusu biashara ambazo wageni walikuwa wanazimiliki kwa mlango wa nyuma. Mtu akakataa, na gavana mwanamaji akamkingia kifua. Wajumbe wakaahirisha kikao, wakatoka ukumbini, wakasema hawarudi mpaka Washington iwape serikali ya kiraia. Na mmoja wao, Carlos Taitano, alikuwa ameshazungumza na waandishi wa habari wa Marekani kabla. Kwa hiyo habari ikafika kwenye magazeti ya bara.

NEEMA: Huyo alikuwa na akili ya kisiasa. Mgomo kisiwani peke yake usingesikika.

IDRISA: Usingesikika kabisa. Mwaka uliofuata, 1950, Rais Truman akasaini sheria iliyowapa uraia, Bunge lao, na gavana wa kiraia. Gavana wa kuchaguliwa na wananchi wenyewe walimpata katika uchaguzi wa 1970. Miaka 20 baadaye!

NEEMA: Sasa tuje kwenye miaka ya 1980, maana hapo ndipo penye utamu wote. Januari 1982 wananchi wanaulizwa: mnataka hadhi gani? Machaguo mengi: uhuru, kuwa jimbo la Marekani, na mengine. Hakuna lililopata zaidi ya nusu. Septemba wanarudia kwa machaguo mawili, kuwa jimbo au kuwa jumuiya inayojitawala ndani ya Marekani. Karibu robo tatu wakachagua jumuiya. Sawa. Ikaandikwa rasimu ya sheria ya kuanzisha hiyo jumuiya, ibara 12. Wangeweza kuwauliza watu swali moja tu, mnaikubali rasimu au hamuikubali. Hawakufanya hivyo.

IDRISA: Wakapiga kura ibara kwa ibara.

NEEMA: Ibara kwa ibara! Agosti 1987. Mpiga kura anaingia kwenye kituo, anakuta ibara 12, na kila moja ina ndiyo yake na hapana yake. Ya kodi peke yake, ya uhamiaji peke yake. Ili ujibu lazima uwe umeisoma, au angalau umekaa na jirani mkabishana.

IDRISA: Na hawakukubali zote.

NEEMA: Walikubali 10. Wakakataa ya kwanza na ya saba. Ya kwanza ndiyo iliyobeba uhusiano wa kisiasa na Marekani na haki ya Wachamoru kujiamulia hatima yao. Ya saba ilihusu nani anaruhusiwa kuhamia kisiwani. Zile nzito kabisa. Zikarudishwa mezani, zikaandikwa upya, zikapelekwa tena kwa wananchi Novemba mwaka huo huo. Zikapita. Kaka, mimi nimesoma habari za kura za maoni nyingi, na mara nyingi serikali inaandika swali kwa namna inayotaka ijibiwe. Hapa wananchi walikataa vipande, waandishi wakatii wakaenda kurekebisha. Hayo ndiyo mamlaka ya wananchi.

IDRISA: Na rasimu yenyewe ilidai jambo la maana sana: Washington isibadilishe makubaliano bila ridhaa ya watu wa Guam.

NEEMA: Na hapo ndipo ilipokwama.

IDRISA: Ilipokwama, ndiyo. Ben Blaz, aliyekuwa mjumbe wao, akaipeleka Bunge la Marekani mwaka 1988. Ikafa. Ikarudishwa, ikafa. Baadaye Robert Underwood akaibeba. Mwishoni mwa 1997, miaka 10 baada ya wananchi kupiga kura, ikasikilizwa na kamati ya Bunge, na mwakilishi wa serikali ya Clinton akasema mambo ya msingi hayakubaliki: ridhaa ya pande mbili, udhibiti wa uhamiaji, kura ya Wachamoru peke yao. Haikupigiwa hata kura ukumbini.

NEEMA: Hilo linaniuma. Kura ya wananchi ikishapigwa lazima kuwe na mtu anayewajibika kuijibu. Wangejibiwa hapana mwaka 1988, wangejua la kufanya. Kuachwa muongo mzima kwenye korido za kamati, mimi naona hiyo ni dharau.

IDRISA: Na msingi wake ni wa kisheria. Katiba ya Marekani inalipa Bunge mamlaka juu ya maeneo ya aina hii, na tangu 1901 Mahakama Kuu ilishaamua kwamba visiwa walivyochukua kwa Hispania ni mali ya Marekani bila kuwa sehemu kamili ya Marekani. Kwa hiyo kura ya Guam kisheria ni maoni. Bunge halifungwi nayo.

NEEMA: Haya, sasa tufike kwenye swali tulilobishana nalo tangu juzi. Nani apige kura?

IDRISA: Twende taratibu. Baada ya njia ya jumuiya kufungwa, Bunge la Guam likaja na mpango mwingine. Kura yenye machaguo matatu: uhuru, ushirika huru na Marekani, yaani kujitawala huku wakifungamana na Marekani kwa mkataba, au kuwa jimbo. Na sheria ya mwaka 2000 ikasema wapiga kura ni wenyeji wa asili, maana yake wale waliopata uraia kwa sheria ile ya 1950, pamoja na wazao wao. Mzungu mmoja mkazi wa huko, Arnold Davis, mstaafu wa jeshi la anga, akaenda kujiandikisha, akakataliwa. Mwaka 2011 akaenda mahakamani.

NEEMA: Akashinda.

IDRISA: Akashinda mwaka 2017. Hakimu ni Frances Tydingco-Gatewood, mwenyewe ni Mchamoru. Akaamua kwamba kigezo hicho ni cha rangi hata kama kimeandikwa kwa lugha ya ukoo, na Marekebisho ya 15 ya Katiba yanakataza. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye Julai 2019, na Mahakama Kuu mwaka 2020 ikakataa kuisikiliza kesi.

NEEMA: Marekebisho ya 15 ni ya 1870. Yaliandikwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, wasinyimwe kura. Leo yanatumika kuwazuia watu waliotawaliwa wasiulizwe wanataka nini. Kwangu haki ya kujiamulia ni ya aliyenyang'anywa. Kabla ya vita Wachamoru walikuwa zaidi ya 9 katika kila watu 10 kisiwani. Kufikia 1980 hawafiki nusu. Na sera ya uhamiaji haikuwa mikononi mwao hata siku moja. Huwezi kumjazia mtu nyumba, halafu useme haya tupige kura wote nyumba ni ya nani.

IDRISA: Hapo nakuelewa dada. Lakini mimi namfikiria muuguzi Mfilipino aliyezaliwa hapo hapo, wazazi wake walikuja kujenga baada ya vita, hana kwingine. Kisiwa kikiwa huru na yeye maisha yake yanabadilika. Unamwambia nini?

NEEMA: Namwambia ana kura katika kila jambo litakalofuata: katiba, gavana, kodi, kila kitu. Hili moja, la kusema utawala wa 1898 tunaufanyaje, awaachie waliofanyiwa.

IDRISA: Bado ni gumu. Ila kuna kitu kilinibadilisha mawazo nilipokuwa naandaa kipindi. Ile kura ya 1987 ilikuwa ya wapiga kura wote, Wachamoru, Wafilipino, Wazungu, kila aliyeandikishwa. Na ibara ya kwanza iliyotambua haki ya Wachamoru ilikataliwa Agosti, ikapita Novemba. Maana yake kisiwa kizima kilishakaa, kikatafakari, kikasema ndiyo, hawa wana haki yao ya pekee. Majaji walizungumza kana kwamba wananchi hawajawahi kulijadili. Walishalijadili kwa kura, mara mbili katika mwaka mmoja.

NEEMA: Sikuwahi kulitazama hivyo. Na hilo linanipa hoja nzuri kuliko yangu mwenyewe.

IDRISA: Tuseme na la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1946 ilitengenezwa orodha ya maeneo yasiyojitawala. Guam ilikuwemo. Kenya ilikuwemo, Uganda, Zanzibar pia. Sisi tulishatoka wote. Guam bado imo, kati ya maeneo 17. Miaka ya 1970 Kamati ya 24 inayosimamia orodha hiyo iliongozwa na Salim Ahmed Salim wetu.

NEEMA: Ndiyo maana nasema si habari ya kigeni kwetu. Na watu wa huko hawajakaa kimya. Septemba 2019, wiki chache baada ya mahakama ya rufaa kuamua, maelfu waliandamana Hagåtña, mji mkuu wao, wazee na watoto. Huku jeshi nalo linaongezeka, kuna kambi mpya ya wanajeshi wa kikosi cha Marines wanaohamishwa kutoka Okinawa, Japani.

IDRISA: Inaitwa Camp Blaz.

NEEMA: Blaz yule yule?

IDRISA: Yule yule. Alikuwa jenerali wa kikosi hicho kabla ya kuwa mjumbe. Jina la mtu aliyepeleka rasimu ya wananchi Washington sasa liko kwenye lango la kambi.

NEEMA: Basi kambi imepata kibali na rasimu haijapata. Mimi nikiulizwa waanzie wapi leo, nasema warudi kwenye njia ya 1987: waandike, wapige kura ibara kwa ibara, wote. Na safari hii wadai kwanza tarehe ya kujibiwa, kabla ya kufungua vituo.

IDRISA: Tarehe iwekwe kwenye sheria ya Marekani yenyewe, siyo ahadi ya mdomo. Hapo nakuunga mkono.

NEEMA: Kipindi kijacho tunabaki Pasifiki, tunakwenda New Caledonia, eneo la Ufaransa, kura tatu za uhuru kati ya 2018 na 2021, na ya mwisho wenyeji wengi wakaisusia. Tuleteeni maswali yenu mapema.